Mzuka Asiyepiga Hodi

Mimi na mdogo wangu wa kike ni wazoefu wa picha za kutisha. Tulianza utotoni, kwenye kibanda cha video pale Mbinga mjini. Sasa ni watu wazima wa Mbamba Bay wenye kazi zetu, lakini Jumapili tukitoka kanisani bado tunaziba madirisha kwa khanga, tunachomeka flashi na kula huku tukitazama. Damu haitushtui. Mara nyingi tunalalamika tu, maana mizuka ya siku hizi unajua itatokea wapi kabla hata mlango haujalia.

Wakati huo shangazi yetu alikuwa amekuja kukaa kwetu. Mumewe tulikuwa tumemzika Liuli, na tangu matanga yaishe hakutaka kula na watu. Sahani ikienda chumbani kwake, ilirudi karibu kama ilivyokwenda. Nguo zilianza kumpwaya. Baba alituambia tufanye tunavyojua, mradi dada yake ale. Tukajaribu samaki mbasa wa kuchoma, tukajaribu uji, tukajaribu utani. Wapi.

Jumapili moja tulijisahau tukaongeza sauti. Ilikuwa picha ya kutafsiriwa, zile ambazo mtafsiri anapiga domo juu ya waigizaji. Mzuka, mwanamke mwenye nywele zilizomfunika uso, alipenya ukutani akasimama miguuni mwa kitanda cha steringi, yule mwigizaji mkuu. Nyuma yetu tukasikia, "Hana adabu huyu. Hata hodi?"

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Mdogo wangu akampisha mkekani, shangazi akaketi, na kuanzia hapo hatukusikia tena picha. Alibishana na mtafsiri. Alimgombeza steringi kwa kukimbia badala ya kutoa kiti. "Mama wa watu katoka kaburini mpaka hapa, na hakuna hata mmoja anayemuuliza shida yake." Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Mchungaji wa kwenye picha alipoanza kumnyunyizia mzuka maji ili aondoke, shangazi hakucheka.

"Hawa wana bahati, halafu wanapiga kelele," alisema taratibu. "Wangu nimemsubiri tangu tumzike. Mlango siufungi komeo. Hajaja hata mara moja."

Mdogo wangu akasimamisha picha. Nilihuzunika kuliko nilivyowahi kuhuzunika mbele ya televisheni. Miaka yote ile ya kutazama, sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kuogopa marehemu asirudi.

"Hamna nyingine?" shangazi akauliza. "Anayerudi awe mume, na wampokee vizuri."

Tulipekua flashi nzima. Waume waliorudi walikuwepo, ila kila mmoja alifukuzwa, huyu kwa maji, yule kwa moto. Ikabidi tumwambie ukweli kwamba hatuna.

Akasonya. "Basi nyie hamjui kuchagua." Akalivuta bakuli letu la dagaa, akamega ugali wa muhogo. "Irudishe pale anapoingia. Na huyo mtafsiri mnyamazisheni."

Mdogo wangu akairudisha nyuma na kuzima sauti. Mzuka akapenya tena ukutani, akasimama.

"Karibu, mama," shangazi alimwambia, tonge mdomoni. "Pole na safari. Huko ulikotoka, mume wangu hajambo?"

Shangazi akamega tonge jingine.