Siku Niliyoteremka Almasi Nyeusi kwa Makalio

Hii aibu yangu naisimulia mwenyewe, maana nimeshaisikia ikisimuliwa na watu wengine pale Guangzhou na kila mmoja anaongeza chumvi yake, mara nilivunja ukuta, mara bwana harusi alizimia, na mimi nasema hapana, nilichofanya kilikuwa kibaya cha kutosha bila kuongezewa, acheni nikieleze kama kilivyokuwa.

Mimi ni Rukia, wa Magomeni, na miaka ile nilikuwa naishi Guangzhou nikiwatafutia wafanyabiashara bidhaa na kuwatafsiria (Kichina changu nilikiokota sokoni Zhongda, kwenye vitambaa, kwa hiyo najua kugombana vizuri kuliko kusalimia). Mwenzangu kwenye kazi alikuwa Mama Béa, mwanamke wa Lubumbashi, mkubwa kwangu kwa umri na kwa umbo, anayezungumza Kifaransa kama amezaliwa nacho. Zilikuwa nyakati ambazo ukisafiri kidogo tu ukirudi unakuta mtaa umeota ghorofa, na kila mtu ana wazo jipya la biashara, na sisi wazo letu likawa suruali za theluji. Ndiyo, watu wawili wa nchi za joto, tumekaa kwenye mji wa joto, tunauza suruali za theluji.

Ilikuja hivi. Mdogo wake Mama Béa alikuwa anafanya kazi ghalani kwa Mfaransa mmoja, Gérard, mwenye maduka ya vifaa vya kutelezea kule kwenye milima yao. Na mimi kwenye maonyesho ya biashara nilikuwa nimemtafsiria Mkanada anayeitwa Doug, naye ana maduka ya namna hiyohiyo kwao. Bwana Liang, mwenye kiwanda cha jeans Xintang, alikuwa amechoka kushindana na majirani zake wote wanaoshona jeans ileile, akataka kubadilisha. Tukamtafutia kitambaa kisichopitisha maji kule Zhongda, dada mwenye duka akatutolea kwa kutuamini sisi, kikapelekwa kiwandani. Kilichobaki ilikuwa wale wazungu wawili wakubaliane suruali moja, kwa sababu oda ya mmoja peke yake ilikuwa ndogo mno kwa Bwana Liang kuwasha mashine. Wasipokubaliana, kitambaa kinabaki, na sisi sura zetu hazionekani tena Zhongda.

Basi tukakutana kiwandani, na mjue pale mezani Kiswahili ndicho kilichokaa katikati, Gérard anamwambia Mama Béa kwa Kifaransa, Mama Béa ananiambia mimi kwa Kiswahili cha kwao, mimi namwambia Bwana Liang kwa Kichina na Doug kwa Kiingereza, halafu majibu yanarudi njia hiyohiyo. Suruali ilikuwa ya madaraja matatu, ya anayeanza, ya wa kati na ya fundi, na wote walikubali kwamba kila daraja liwe na alama yake kwenye lebo, ile alama wanayowekewa watelezaji mlimani kuwaonyesha njia ipi ni nyepesi na ipi itawaua. Hapo ndipo moto ulipowaka. Gérard akasema alama ni rangi, kijani, bluu, nyekundu, nyeusi, dunia nzima inajua. Doug akasema dunia gani, kwao nyekundu haipo kabisa, kwao ni duara la kijani, mraba wa bluu, almasi nyeusi, na njia ya vichaa ina almasi mbili. Gérard akasema bluu ya Amerika ukiileta Ulaya inaweza kuwa nyekundu. Doug akasema aliwahi kwenda Ulaya akaambiwa hii ni bluu, ya familia, na aliteremka akiwa anamkumbuka mama yake. Gérard akasema nyeusi yao ndiyo nyeusi. Doug akasema nyeusi ya kusawazishwa na mashine kila usiku kama zulia, kwao nyeusi ina mawe na miti na hakuna aliyeipiga pasi.

Wakaendelea hivyo mpaka Mama Béa akaacha kunitafsiria akawa anakunywa chai. Bwana Liang akaniinamia, akaniuliza kwa Kichina, kwa sauti ya chini, kwa kifupi, ipi ndiyo ngumu kuliko zote.

Sasa hapa ndipo kosa lilipozaliwa, na lilikuwa dogo kweli. Ningeweza kuuliza. Watu wawili waliozaliwa kwenye theluji walikuwa wamekaa mbele yangu. Lakini nilikuwa nimechoka, koo limekauka, na nikaona kuuliza tena ni kuwasha upya ule moto, nikamjibu kama mtu anayejua: nyekundu. Kichwani kwangu ilikuwa wazi kabisa. Taa za barabarani nyekundu ndiyo hatari. Nyeusi ina ubaya gani (mimi nyeusi kwangu ni baibui, ni rangi ya mtu mwenye heshima zake). Nikaongeza, bila hata kuulizwa, kwamba almasi nyeusi ni ya kati. Bwana Liang akaitikia kwa kichwa, akaandikisha lebo.

Siku chache baadaye akatualika wote kwenye ukumbi wa theluji nje kidogo ya mji, jengo kama ghala, nje unatoka jasho na ndani unatoa moshi mdomoni, ili tuvae suruali za mfano na tupigwe picha za katalogi. Akatupa mimi na Mama Béa zile za daraja la kati, lebo yenye almasi nyeusi pajani, akasema mtapita njia ya kati. Wakati huo Doug na Gérard walikuwa bado kule kwenye mabuti ya kuazima, Doug miguu yake haipati saizi, na mimi nikaona ni vizuri nitangulie, wateja wakitokeza wanikute tayari nateremka kwa madaha ndani ya suruali yetu.

Nikatazama vibao vya njia. Kulikuwa na njia mbili tu, moja yenye duara la kijani, watoto wamejaa, na nyingine yenye almasi nyeusi, na mtu hakuna. Nyekundu sikuiona popote. Kwa hiyo nikajiambia humu ndani hakuna hatari. Mwalimu wa pale, dada mmoja mwenye koti la njano, akaniuliza kama najua, na nyuma yangu foleni ilikuwa inasubiri, nikasema najua, nikapanda kwenye mkanda unaopandisha watu juu, mtandio wangu nimeubana chini ya helmeti, Mama Béa nyuma yangu anahema.

Tulipofika juu Mama Béa akachungulia. Halafu akasema:

“Rukia, hii haiko njia. Hii iko ukuta.”

Nikamwambia ni ya kati. Akasema basi nitangulie, yeye anabaki hapo mpaka waje kumchukua hata kama ni kesho. Na mimi nikataka nigeuke nimjibu, na kugeuka ndiyo mwisho wangu, kwa sababu vile vibao virefu vya kutelezea wanavyokufunga miguuni havijui unageuka kuongea na mtu, vyenyewe vikiona chini vinakwenda chini.

Nilisimama kwa muda kama wa kusema bismillahi, na sikuimaliza. Nikakaa. Kukaa hakukusaidia, ile suruali yetu kitambaa chake ni kile cha Zhongda, laini, hakishiki maji wala hakishiki theluji, nikawa nakwenda kwa makalio mbio kuliko nilivyokuwa nakwenda kwa miguu, kibao kimoja kikachomoka kikanipita (kinaniacha, kina haraka zake), fimbo za mikononi sijui ziliishia wapi, napiga kelele kwa Kichina cha sokoni ambacho tafsiri yake ni “ghali sana, ghali sana”, kwa sababu ndiyo maneno yaliyonijia. Na chini, pembeni mwa njia, palikuwa na bwana na bibi harusi.

Msishangae. Wachina wa pale huwa wanapiga picha za harusi kabla ya harusi, popote penye mandhari, na hawa walichagua theluji, bibi harusi na gauni lake jeupe na koti juu ya mabega, shela refu limetandazwa nyuma yake kama mkeka, mpiga picha amepiga goti. Nilimkosa bibi harusi. Nilimkosa bwana harusi. Shela sikulikosa. Nililizoa lote kwa kichwa, nikaendelea nalo, nikapita katikati ya watoto wa duara la kijani wakiniachia njia, nikaishia mbele ya mabuti ya Doug na Gérard, miguu mbele, shela la watu limenifunika helmeti na mtandio na uso, na ukumbi mzima ukacheka. Walicheka watoto, akacheka mwalimu wa koti la njano, na kila mwenye simu yenye kamera (zilikuwa ndiyo zinaingia, kila mtu anatafuta cha kupiga) akanipiga mimi.

Nilitamani theluji inifunike. Nikasikia Bwana Liang anachuchumaa karibu yangu. Hakucheka. Akaniuliza kwa Kichina, polepole, “Hii ndiyo ya kati?”

Ningeweza kusema vibao vya njia za pale ndivyo vimekosewa. Lilikuwa jibu zuri na lilikuwa tayari mdomoni. Lakini ukishakaa chini mbele ya watu ukiwa umevaa shela la mwenzio, huna heshima ya kulinda tena, na hiyo inampa mtu uhuru wa ajabu. Nikamwambia hapana, siku ile nilikujibu kitu nisichokijua. Halafu nikawaambia na wale wawili kwa Kiingereza (Gérard anakielewa kidogo, kukisema ndiyo hataki) kwamba lebo zote zimekosewa, na aliyezikosea ni mimi. Nikaomba, kabla hatujaendelea, wanieleze kama mtu ambaye hajawahi kuona theluji, kwa sababu ndivyo nilivyo.

Gérard akamtazama Doug. Wakavaa vibao vyao, wakapanda juu, wakapita kando ya Mama Béa aliyekuwa amekaa kama mzigo bandarini, wakateremka ile almasi nyeusi, wanazunguka kushoto, wanazunguka kulia, kama mtu anayeandika jina lake. Walipofika chini Doug akasema kwao hiyo ni mraba wa bluu, na ni wa kumfurahisha bibi yake mzee. Gérard akasema kwao ni bluu, kwa kuihurumia sana. Wakatazamana, wakacheka, kwani lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana tangu ule ugomvi wa rangi uanze. Mwenye ukumbi alikuwa amejipaka sifa tu, hiyo njia inaitwa ngumu kwa sababu tu ile nyingine ya pale ni ya watoto. Na Doug akanieleza kwamba hata milimani ndivyo ilivyo, kila mlima unajipima wenyewe, rangi inakwambia hii ni ngumu kuliko ile ya jirani yake, haikwambii lolote kuhusu mlima wa nchi nyingine. (Mimi nilinuna kidogo. Bluu au si bluu, iliniangusha kama nyeusi.)

Nikawauliza, sasa kama alama yenyewe haivuki bahari, mnaigombania ya nini? Tuchore mtu. Anayeanza mchoreni amekaa chini. Wa kati mchoreni amesimama amekunja magoti. Fundi mchoreni yuko hewani. Mfaransa ataelewa, Mkanada ataelewa, na hata mimi ningeelewa, nisingepanda kule.

Bwana Liang nilipomtafsiria aliinuka, akaenda kwa mpiga picha wa harusi, wakatazama kioo cha kamera wakiwa wameinamiana vichwa. Picha ilikuwepo, safi, mimi miguu mbele, mikono juu. Akasema huyu ndiye mtu wa daraja la kwanza, fundi wake atamchora kutoka hapo. Mama Béa, ambaye walikuwa wameshamshusha kwa mkanda, akanigeuza mbele ya watu wote akanikagua nyuma, mshono kwa mshono, nikimsukuma mikono, akatangaza kwa Kifaransa na Kiswahili kwamba suruali haijachanika wala haijalowana. Gérard akaomba aone lebo mpya zikitoka. Doug akasema hana haja ya kuona zaidi ya alichokiona. Wakapeana mikono palepale, na mashine za Xintang zikawaka wiki hiyo.

Shela nilimrudishia bibi harusi kwa mikono miwili, nikamwomba radhi mpaka maneno yakaniishia. Akalikung’uta, akanishika mkono, akataka tupige picha pamoja. Nami nikaona siwezi kutoka humo ndani nikiwa nimeteremka mara moja tu tena kwa namna ile. Nikaenda kwenye duara la kijani. Doug kulia, Gérard kushoto, mmoja ananiambia niweke miguu kama kipande cha piza, mwingine anamwambia Mama Béa aniambie nifanye kama jembe la kusukuma theluji, na nilipoangalia kumbe wote wawili wanasema kitu kilekile, vidole vya mbele vikutane, visigino vitawanyike. Nikafanya. Nikateremka nimesimama, polepole, watoto wa miaka sita wananipita, mwalimu wa koti la njano anakwenda kinyumenyume mbele yangu amenyoosha mikono, na nilipofika chini sijaanguka ule ukumbi uliocheka ukanipigia makofi, na Mama Béa akapiga kigelegele cha Lubumbashi mpaka mlinzi akaja kuangalia.

Tangu siku hiyo nimeapa. Mtu akiniuliza kitu nisichokijua namwambia sijui, na lugha za kulisemea hilo ninazo za kutosha. Na mtu akiniambia jambo fulani ni la kati, halina shida, namuuliza kwanza la kati kwa mlima upi, halafu namwambia apite yeye mbele.