Nani Kasema Ceit Ametoa Chuma?

Kazi yangu mimi ni kudaka kamba. Meli ikikaribia gati wao wanarusha, mimi nadaka, nafunga, basi. Kwa hiyo hakuna kinachoingia wala kutoka kisiwani Grianasaigh nisikione, iwe kondoo, iwe gesi, iwe bibi harusi. Na chuma cha Ceit nilikiona kikitoka. Alikileta mwenyewe gatini kimefungwa gunia, mpini umevunjika, akamkabidhi Eachann, baharia wa meli, ampelekee fundi wa kisiwa kikubwa akitie mpini mpya. Wala hakumnong'oneza. Ceit hajui kunong'ona.

"Mwambie atie mti wa maana, Eachann! Sio ubao wa masanduku kama alionitilia mara ile!"

Sasa niambieni, hapo kuna fumbo gani? Mpini umevunjika, chuma kimeenda kwa fundi. Mtoto wa chekechea angeelewa.

Lakini Eachann alipanda mpaka dukani kwa Iseabail kununua tumbaku, na katika kupiga soga akasema, "Ceit katoa chuma." Akachukua tumbaku yake, akarudi melini, meli ikaondoka. Mwenyewe anaapa mpaka leo kwamba hakuwa na maana nyingine. Haya, tumwamini. Iseabail je? Iseabail alisikia alichotaka kusikia.

Maana kwetu neno hilo si la kuchezea. Sisi miti hatuna, tunachoma mboji, ule udongo mweusi wa mlimani tunaoukata matofali matofali wakati wa machipuko ili ukauke kiangazi chote. Kila nyumba ina ukingo wake wa kukatia, na kila nyumba ina chuma chake cha kukatia, kirefu, chenye ubao wa kukanyagia. Chuma hakiazimwi. Mtu akikitoa, ndiyo ameaga: anapelekwa bara kwenye nyumba ya wazee, au hana siku nyingi, na anampa jirani kwa sababu moto wake hautawashwa tena. Tunasema fulani katoa chuma hata kwa mtu ambaye tangu azaliwe hajashika chochote kizito kuliko kalamu.

Na ubaya wake ni kwamba mtu akitoa chuma hatumwulizi. Tunaona ni kumtonesha kidonda. Tunampelekea keki, tunamwangalia kwa huruma, tunaongea habari za mvua.

Basi wiki ile keki zikaanza kumiminika nyumbani kwa Ceit. Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na ukuta wa mawe tu, na mimi nilikuwa naziona zikipita na sijui kitu, kwa sababu kila mtu alidhani mimi ndiye ninayejua zaidi.

"Dolina!" aliniita siku moja kutoka kwenye matuta yake ya viazi, ameshika uma wa kutandazia mwani wa mbolea mkononi, upepo wa mashariki unampeperusha kitambaa. "Hebu njoo. Iseabail kaniletea keki ya zabibu. Iseabail! Yule mtu hata mfuko wa karatasi hakupi bila kununa. Mimi naumwa?"

"Unaumwa wapi, dada Ceit? Unabeba mwani kumshinda punda."

"Basi yeye ndiye anaumwa," akasema, akaendelea kutandaza mwani.

Amepita themanini, huyo. Hakuolewa. Alipika kwenye shule ya kisiwa kwa miaka mingi mpaka watoto walipopungua ikafungwa, na watu wazima wote mnaowaona hapa, na ndevu zao na matrekta yao, wamekula supu yake. Anajua nani alikuwa analamba sahani na nani alikuwa analia akiona karoti. Machipuko ndiyo msimu wake. Ndege kekeo akianza kulia tu, Ceit halali sawasawa: kondoo wanazaa, kunguru wanavizia macho ya wanakondoo, viazi vinataka mwani, na mboji inangoja. Ukimwambia apumzike anakuuliza, "Nipumzike nimfanyie nani nafasi?"

Jumamosi hiyo meli ikaja, nikadaka kamba. Kitu cha kwanza Eachann alichonipa kilikuwa chuma cha Ceit, mpini mpya unang'aa. Kitu cha pili kutoka melini kilikuwa gari la Aonghas.

Aonghas ni mtoto wa marehemu kaka yake Ceit, anakaa Glasgow, anafanya kazi ya kompyuta. Si mtu mbaya. Huja kiangazi, anapiga picha, anaondoka. Sasa katikati ya msimu wa kuzaa kondoo amekuja kufanya nini, na gari limejaa maboksi matupu?

"Bi Dolina, shikamoo. Shangazi anaendeleaje?" akaniuliza, na sauti ameilegeza kama yuko msibani.

"Marahaba. Yuko shambani kwa kondoo wake, anaendelea kuliko wewe. Hayo maboksi ni ya nini?"

"Ya vyombo vyake." Akanitazama. "Si anaondoka? Bwana Uilleam alinipigia simu. Alisema Shangazi ametoa chuma, kisiwa kizima kimeshapokea habari, ila yeye mwenyewe ni mgumu kusema. Nikahangaika, nikampatia kitanda mahali pazuri sana, pana bustani. Jumatatu tunarudi wote."

Ala! Damu ilinipanda kichwani mpaka masikio yakawaka. Uilleam ni mwenyekiti wa kamati ya malisho. Na Uilleam huyohuyo ana mkwe, na mkwe ana kondoo wengi na nyasi kidogo, na shamba la chini la Ceit ndilo linalotangulia kuota majani kisiwani petu kila mwaka. Nimemwona kwa macho yangu akisimama kwenye uzio wa shamba lile huku akitafuna mdomo. Nikamwinulia Aonghas chuma puani.

"Unakiona hiki? Hiki ndicho chuma alichotoa! Kilikwenda kutiwa mpini! Mpini, Aonghas!"

Akakitazama, akatazama maboksi yake. "Mungu wangu," akasema. "Sasa wale walioko mlimani wanafanya nini? Bwana Uilleam aliniambia leo wanakata mkato wa mwisho."

Nilimsukuma ndani ya gari lake, nikapanda, tukaenda kumchukua Ceit.

Mkato wa mwisho ni desturi yetu, na kwa mtu aliyeondoka kweli ni heshima. Majirani wote wanapanda kwenye ukingo wake, wanaukata mara ya mwisho, mboji inagawanywa nyumba kwa nyumba, kisha ukingo unaachiwa mlima. Lakini unamfanyiaje mtu ambaye yuko bondeni, mikono ndani ya kondoo, anamvuta mwanakondoo aliyetanguliza miguu ya nyuma? Maana hivyo ndivyo tulivyomkuta. Nikamweleza yote pale pale. Alimaliza kumtoa mwanakondoo, akamfuta pua kwa nyasi, akamsogezea mama yake amlambe, akanawa mikono kwenye kijito.

"Shangazi, mimi nilidhani..." Aonghas akaanza.

"Endesha," akasema Ceit.

Tuliwakuta wote. Mmoja anakata, mmoja anarusha, matofali meusi yametandazwa juu ya majani, birika linachemka, skonzi na jibini juu ya kitambaa, watu wanacheka. Tuliposhuka garini kicheko kikakatika. Uilleam akavua kofia. Kofia alivua, maskini mwenye adabu!

Ceit hakumtazama yeyote. Alikwenda mpaka mwisho wa ukingo, akainama, akachungulia chini. Nami nikachungulia, nikaona.

Kabla ya kukata mboji unachuna kwanza ngozi ya juu, ile yenye nyasi. Ngozi hiyo haitupwi. Ukimaliza kukata unaipanga chini kwenye sakafu ya mtaro ulioachwa na mboji, kipande kwa kipande, nyasi zikitazama juu, ili mlima upone na mwakani mwenye ukingo apate pa kusimama. Mtoto hufundishwa hilo kabla hajafundishwa kushika chuma. Ukingo wa Ceit ngozi yake ilikuwa imevurumishwa humo ovyo, mizizi juu, nyasi chini, vipande vingine vimezama kwenye maji. Hivyo huachwa ukingo ambao hakuna atakayekuja kusimama tena.

"Nani kafa?" akauliza Ceit.

Mtu mmoja akaondoa birika motoni.

"Nimeuliza, nani kafa?"

"Dada Ceit," akasema Uilleam, "karibu chai kwanza. Tulitaka kukuheshimu. Hata tofali la kwanza tumekuwekea, ukaondoke nalo, likukumbushe nyumbani."

"Nikaliweke wapi huko? Juu ya hita ya umeme?"

"Lakini si umetoa chuma?"

"Nimetoa chuma kitiwe mpini, pumbavu wewe!"

Nikakiinua juu wote wakione. Iseabail akashika mdomo. Mtu mmoja akaangua kicheko, akafuatia mwingine, na mara wote wanacheka, wanapigana mabega, "Loo, Eachann huyu! Eachann atatuua!" Kama kwamba kosa lote ni la Eachann, naye yuko baharini hawezi kujitetea. Uzalendo ukanishinda.

"Na simu ya Glasgow aliipiga Eachann?" nikafoka. "Na shamba la chini, Uilleam? Kondoo wa mkwe wako umeshawaahidi nyasi, au unangoja mpaka Jumatatu mwenyewe apande meli?"

Uilleam akawa mwekundu. "Hilo lilikuwa la kusaidia tu, shamba lisilale..."

"Uilleam mwanangu," akasema Ceit, na sauti sasa ilikuwa ndogo, "ulipokuwa shule ulikuwa unaficha kabeji kwenye mfuko wa kaptula, ukidhani sioni. Nilikuwa naona. Shuka mtaroni."

"Nishuke?"

"Shuka ugeuze. Wote shukeni. Kipande kimoja kimoja, nyasi juu, na mshono usionekane. Na wewe, Aonghas, usinisingizie viatu vyako vya mjini. Kitanda chako hicho chenye bustani kalalie mwenyewe."

Wakashuka. Ingekuwa kioja cha kuchekesha kama nisingekuwa na hasira: kamati nzima ya malisho imepiga magoti kwenye maji meusi, inageuza vipande, na bibi mwenye damu ya kondoo kwenye mikono ya sweta yake amesimama juu yao anaelekeza. "Hicho kimepinda. Iseabail, hicho kingine umekilaza au umekitupa?" Mvua ya mawe ikapita, ikaacha jua, wao wanageuza tu. Samahani zilitoka, sitasema uongo. Dada Ceit utusamehe, dada Ceit tulipotoka. Na utani ukarudi. Walipomaliza, mboji waliyoikata wakaiacha yote kwa ajili yake, wakashuka mlimani wakiigiza jinsi Uilleam alivyovua kofia. Nilijua mpaka usiku kila nyumba ingekuwa inacheka.

Nilimsindikiza Ceit nyumbani. Aonghas alibaki nje anajikwangua matope kwenye suruali. Nikabandika chai, nikakata ile keki ya zabibu kwa nguvu kuliko ilivyostahili, na nikaendelea kumsema Uilleam, ukoo wake, mkwe wake na kondoo wa mkwe wake. Ceit alikuwa amekaa, hajavua koti.

"Dolina," akasema. "Umemsikia mtu yeyote akisema afadhali?"

"Afadhali nini?"

"Afadhali haondoki."

Nikawapitia kichwani mmoja mmoja pale mtaroni, magoti yao, midomo yao, samahani zao, vicheko vyao. Wote wamesikia kwamba Ceit anabaki. Wamecheka kwamba walikosea. Lakini mtu wa kumshika mkono akamwambia, jamani, tumefurahi, hakuwepo. Hata mmoja! Watoto wake wote wa supu! Nikasimama, kisu kingali mkononi.

"Mimi nasema! Afadhali, dada Ceit! Afadhali sana, tena nakuapia!"

"Unasema sasa kwa sababu nimekuuliza," akajibu, wala hakuwa na ukali. Akasukuma sahani ya keki upande wangu, akavaa buti, akatoka kwenda kumtazama yule mwanakondoo kama ameshanyonya.