Paleti za Volani

Gari zilikuwa mbili, zimesimama bega kwa bega kwenye uwanja wa muuzaji. Zote zilikuwa nyeupe, zote zimetoka Japani zikapitia Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa, zote zina usukani upande wa kuume. Usukani sisi tunauita volani. Ukizitazama kwa mbali usingejua ipi ni ipi. Lakini moja ilikuwa na paleti nyuma ya volani, na kwa ajili ya paleti hizo muuzaji alitaka pesa zaidi.

Paleti ni vipande viwili vya plastiki, kila kimoja kama ulimi wa kijiko. Gari ni otomatiki, inabadili gia yenyewe, lakini ukivuta paleti ya kuume gia inapanda, ukivuta ya kushoto inashuka, na mikono yako haijaondoka kwenye volani. Kazi yake ni hiyo tu.

"Papa, ingia uijaribu," muuzaji alimwambia baba yangu mdogo. Akamzungusha uwanjani mara mbili, kisha akamwambia avute ya kushoto. Injini ikanguruma na gari ikapunguza mwendo bila breki kuguswa. Baba mdogo alicheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu majira ya mvua yaanze.

"Hii njo motokari ya bantu benye kujua kuendesha," muuzaji akasema. "Kule Golf, kwa matajiri, bote banatafuta hii."

"Na ile ingine?" baba mdogo akauliza.

"Ile ingine iko motokari. Inatembea."

Mimi nilikuwa nyuma yao, nimeinama natazama tairi. Gari zote mbili zilikuwa na tairi zilizokwisha, laini kama kiganja.

Baba mdogo alikuwa mfanyabiashara wa jumla. Alileta maharage kutoka kwetu Kivu Kaskazini mpaka Lubumbashi, akarudi na bidhaa za Zambia. Mwaka ule vita iliingia Goma. Bohari yake ikafungwa na mali ikiwa ndani, malori yake mawili yakabaki upande ambao hakuna mtu wetu aliyeweza kuyafuata, na benki zikafunga milango. Mama mdogo alifika Lubumbashi na watoto na begi moja, na ndani ya begi hilo nusu ilikuwa nguo za mtoto wa jirani zilizochukuliwa kwa haraka. Nyumba ya vyumba vitatu pale mtaani Katuba ikawa na watu kumi na mmoja. Kilichobaki kilikuwa pesa ya mzigo wa mwisho wa maharage. Baba mdogo akaamua tununue gari moja, mimi niiendeshe taksi, itulishe.

Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi. Tukinunua ile isiyo na paleti, tungebaki na pesa ya kununua tairi nne nzuri, na gari ingeanza kazi bila kuchelewa. Tukinunua yenye paleti, hatubaki na kitu.

Na mimi nilijua kitu ambacho baba mdogo hakukijua.

Nilipomaliza darasa la sita sikuendelea na shule. Nilikaa miaka miwili hapa Lubumbashi kwenye gereji inayohamisha volani. Kongo tunapita upande wa kuume wa barabara, hivyo volani inatakiwa kuwa kushoto, na gari za Japani zinakuja na volani kuume. Kwa gari ya nyumbani watu wengine wanavumilia. Kwa taksi haiwezekani, abiria hawaitaki na barabarani utasimamishwa kila kona. Basi mafundi wanakata dashibodi, wanahamisha pedali, wanaunga nyaya, kisha wanaweka shingo ya volani, ile nguzo inayoishika, iliyotolewa kwenye gari kuukuu ya mkono wa kushoto. Shingo hiyo haina njia ya nyaya za paleti. Honi yenyewe tulikuwa tunaiwekea kitufe cha kengele ya mlango, pembeni ya breki ya mkono. Paleti tulikuwa tunazing'oa na kuzitupa kwenye ndoo ya rangi. Niliimwaga ndoo ile mara nyingi.

Baba mdogo alijua kwamba tutahamisha volani. Alikuwa ameshaongea na fundi na kutenga pesa ya kazi hiyo. Haikumjia tu kwamba akihamisha kimoja anaua kingine. Muuzaji naye hakudanganya, maana siku ile paleti zilifanya kazi. Hakuna mtu wa kumkasirikia, na hilo lilinichoma zaidi.

Pale uwanjani baba mdogo aligeuka akaniuliza, "Weye, unaonaje?"

Nikasema, "Iko muzuri, papa."

Nimeirudia siku ile mara nyingi kichwani. Aliniuliza! Hakunikataza kusema, aliniuliza mbele ya mtu, na mimi nikajibu hivyo. Tangu mtoto niko hivyo. Mkubwa akinitazama usoni, linatoka neno lile moja la kumfurahisha.

Njiani kurudi alinieleza kwa nini anaitaka yenye paleti. Sikumuuliza, aliongea mwenyewe.

"Papa yako kama angekuwa na ile kintu kwa kidole, angefika chini," akasema.

Baba yangu alikufa kule kwetu, kwenye mteremko wa Kanyabayonga, akiendesha lori lililoungua breki. Baba mdogo alikuwa nyuma yake na lori la pili. Alimwona akijaribu kushusha gia, mkono mmoja kwenye volani, mwingine unahangaika na fimbo ya gia. Mimi nilikuwa na miaka mitano. Baada ya hapo baba mdogo ndiye aliyenilea.

Baada ya kusikia hayo ningesema nini? Kwamba Lubumbashi ni tambarare? Kwamba taksi ya kutoka Katuba mpaka mjini haina mteremko wa kumuua mtu?

Nikaamua kumwandikia. Alikuwa amemwomba muuzaji siku chache za kufikiri, nikaona muda upo. Nilichukua karatasi kwenye daftari la mtoto wake, nikakaa jikoni mchana, mama mdogo akichambua maharage upande wa pili wa meza. Mimi naandika polepole sana. Neno nikilikosea siwezi kulikata na kuendelea, naona aibu, naanza karatasi nyingine. Siku ya kwanza nilimaliza salamu tu. Siku ya pili niliandika juu ya shingo ya volani na ndoo ya rangi. Siku ya tatu niliandika kwamba hata ile gari isiyo na paleti ina 2 na L, gia za chini, kwenye fimbo ya gia, na ukiishusha pale injini inaishika gari vilevile, mkono unakwenda mahali pamoja tu na kurudi. Hapo nikawa nimebakiza tairi.

"Unaandikia mwanamuke?" mama mdogo akauliza.

"Hapana, mama."

"Basi fanya mbio. Hata mwanamuke angekuwa ameisha kuolewa."

Nilikuwa naandika neno "tairi" niliposikia honi getini. Watoto walikimbia wote. Baba mdogo aliingia na gari nyeupe, mkono mmoja nje ya dirisha. Nilitazama volani kwanza. Paleti zilikuwepo.

Mama mdogo aliizunguka mara moja, akapiga tairi ya mbele kwa mguu wenye kandambili.

"Na mapine?" akauliza. Mapine ndiyo tairi.

"Tutanunua kisha."

"Na mafranga gani?"

"Iko na paleti," baba mdogo akasema.

"Aaa. Batoto batakula paleti."

Nilikunja barua nikaitia mfukoni. Nilikuwa na hasira, na sikujua niielekeze wapi.

Gari ilikaa gereji siku tisa, ile gereji yangu ya zamani. Fundi aliniona nimesimama mlangoni, akanyanyua paleti moja juu ili wenzake waione.

"Muangalie huyu! Ametoka hapa hapa, amekuya kulipia paleti. Ulimwambia papa yako?"

Nikainama kuokota skrubu iliyoanguka.

"Bubu wetu! Bon, nizitupe?"

Nikamwomba azirudishe mahali pake, hata kama hazina nyaya. Sijui niliogopa nini. Nadhani nilitaka baba mdogo asijue. Fundi akazibana kwa skrubu nyuma ya volani, ambayo sasa ilikuwa upande wa kushoto wa gari. Ukiangalia ungesema zinafanya kazi.

Siku ya kuichukua, baba mdogo alikaa karibu yangu na akasema tupite njia yenye mteremko wa kwenda darajani. Si mteremko mkubwa. Mtoto anaushuka kwa baiskeli bila kushika breki. Tulipoanza kushuka akasema, "Vuta."

Nikavuta paleti ya kushoto kwa mkono wa kushoto, na wakati uleule mkono wangu wa kuume ukashusha fimbo ya gia mpaka kwenye 2. Injini ikanguruma. Gari ikashika.

"Unasikia?" akasema. Alikuwa anatabasamu.

Nilidhani nimepona. Lakini nilikuwa nimesahau huyu ni nani. Ameendesha malori miaka thelathini. Aliutazama mkono wangu kwenye fimbo.

"Toa mukono pale. Rudisha kwa D. Vuta tena."

Nikarudisha. Nikavuta. Hakuna kitu. Nikavuta tena, na tena, tak, tak, kama mtoto anayechezea swichi umeme ukiwa umekatika. Tulifika chini na kusimama kando ya daraja.

"Fundi ameharibu?"

Nikatikisa kichwa.

"Ulikuwa unajua?"

Nikatoa barua mfukoni. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. Aliisoma akiwa ameishika mbali na macho, kwa sababu miwani yake ilibaki Goma. Aliisoma yote, hata salamu. Alipofika kwenye neno la mwisho lililokatika akaigeuza kuona kama kuna zaidi nyuma.

"Hii barua iko muzuri," akasema. "Juu ya nini hukunipa?"

"Nilikuwa sijaimaliza, papa."

Nilitegemea anipige kofi, na ningefurahi. Badala yake akafungua mlango, akatoka, akaegemea gari na kupiga simu kwa fundi. Simu yake inapaza sauti, nikasikia yote kupitia dirisha. Fundi alimwambia inawezekana. Iko shingo nyingine ya volani, ya gari mpya ya mkono wa kushoto iliyopata ajali, yenye njia ya nyaya zote. Aongeze pesa tu, paleti zitafanya kazi.

Baba mdogo alirudi ndani. Asubuhi hiyo mama mdogo alikuwa amempa pesa aliyopata kwa kuuza vitenge vyake viwili vya mwisho, vile alivyovibeba kwenye begi. Ilikuwa kwenye bahasha mapajani mwake.

"Iko kintu kidogo tu ya kuongeza," akasema, kama anaongea na bahasha. "Tukifanya, tunafanya muzuri. Turudi gereji."

Nikawasha gari. Nikaweka D. Mguu wangu ukabaki kwenye breki.

"Hapana, papa," nikasema. "Mapine."

"Nini?"

"Tununue mapine." Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, mwanamke aliyekuwa anapita na beseni akageuka. "Paleti hailete abiria hata mumoja. Pine ikipasuka leo, kesho bantu kumi na mumoja habatakula."

Aliigeuzageuza bahasha. Maji yalipita chini ya daraja. Nikaona nimemkosea heshima, yeye na baba yangu pia, na nikataka kurudisha maneno, lakini yalikuwa yameshatoka.

"Kumbe iko na mudomo," akasema mwishowe. Hakucheka. "Wiki mbili mudomo ilikuwa wapi?"

Hakutaja gereji tena, nikaondoa mguu kwenye breki.

Tulikwenda kwa wauza tairi. Pesa ya vitenge ilitosha mbili, tena zilizokwisha kutumika. Baba mdogo alizichagua mwenyewe, akiingiza kucha kwenye mifereji yake kupima kina, akakataa sita kabla ya kukubali hizo mbili. Tukazifunga mbele. Nyuma zilibaki zile za Japani, laini, zinazoteleza kwenye maji, na kila mvua iliponyesha miezi ile nilirudi nyumbani mapema na pesa kidogo, na kila niliporudi mapema mama mdogo alitazama paleti kwanza, kisha sufuria.