Koti Lililopimwa kwa Jicho

"Mimi futi ni ya kufungia mzigo," alisema fundi cherehani kwenye kipaza sauti, harusi ya mtoto wa jirani ikiwa imepamba moto. "Mtu simpimi, namtazama. Nikikutazama mara moja tu, suti yako iko tayari kichwani, kilichobaki ni kukata kitambaa. Na nikikosea hata upana wa kucha, njoo dukani uchukue cherehani yangu, na mke wangu nakuongezea juu!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mke wake, aliyekuwa meza ya mbele na paja la kuku mkononi, akauliza kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, "Kwa hiyo cherehani ndiyo mali, mimi nyongeza?" Ukumbi ukacheka tena, na kicheko hiki cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, jambo ambalo lilimkaa fundi rohoni kwa muda mrefu.

Tangu siku ile wakamwita Jicho. Jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye kitambulisho, huko ambako majina huenda kupumzika.

Na tumpe haki yake, jicho alikuwa nalo. Mteja akiingia dukani, kabla hajamaliza kusema habari za asubuhi, Jicho alishajua upana wa mabega, kiuno kilipoanzia na kilipopaswa kuanzia, na kwamba bega la kushoto limelala kidogo kwa sababu ya kubeba mkoba. Fundi viatu aliyekaa barazani mwa duka, jina lake la kazi Gundi, alikuwa akisema, "Huyu angesomea udaktari angekupasua bila hata kukuuliza unaumwa wapi." Jicho aliipokea kama sifa. Alikuwa na kipaji hicho pia.

Sasa, jicho lile na duka lile vilikuwa na mtu nyuma yake.

Mama yake Jicho alifariki mtoto hajajua kufunga kamba za viatu, na aliyemchukua ni kaka wa mama, koplo, dereva wa malori ya jeshi. Mapigano yalipokuwa mpakani, Mjomba alipotea miezi na miezi, mtoto akalelewa kwa zamu na majirani. Kisha siku moja lori lilisimama nje, akashuka mtu mwenye vumbi mpaka kwenye kope, na biskuti za jeshi mfukoni, ngumu za kuvunjwa kwa nyundo. Safari moja alirudi na sikio moja halisikii tena. Watu wakimwomba asimulie vita, jibu lake lilikuwa lilelile: "Barabara zilikuwa mbaya." Akisema hivyo, habari imekwisha.

Alipostaafu, wenzake walinunua viwanja, wengine wakaongeza wake. Yeye alinunua cherehani. Akaibeba begani kutoka dukani mpaka nyumbani kwenye jua kali, shati limembana mgongoni, mgongo mpana kama mlango, na mpwa wake akitembea nyuma kwenye kivuli chake. "Haya," akasema alipoitua, "kula yako hiyo." Hotuba nzima ndiyo hiyo.

Mgongo ule ulimkaa Jicho kichwani kama muhuri. Asante yenyewe, ile ya kumkalisha mtu na kumwambia, hakuwahi kuisema. Si kwa roho mbaya. Aliiweka pembeni kama kitambaa kizuri ambacho unasema utakishona siku ukipata nafasi.

Ndipo halmashauri ikatangaza siku ya kuwashukuru wanajeshi wastaafu. Kila mmoja ataitwa kwa cheo na jina, atatembea mbele ya ukumbi, mkuu wa wilaya atampa mkono na medali, na watu wote watasimama. Mjomba alimpigia simu siku hiyohiyo.

"Jicho." Hata yeye alishalizoea. "Wameniita. Wanataka kunishukuru."

"Nimesikia redioni, Mjomba! Na wamechelewa sana!"

"Koti langu nondo wamelila, wameniachia vifungo. Nishonee lingine."

"Nitakushonea koti ambalo mkuu mwenyewe atalala njaa kwa kulionea wivu."

"Basi njoo unipime."

Jicho akacheka. "Nikupime wewe? Mjomba, wewe niko nawe kichwani tangu sijaota ndevu. Hata nikifumba macho nakukata!"

"Nilidhani ungekuja tu. Kuna chai."

"Shule zinafunguliwa, Mjomba, sare zimenijaa mpaka shingoni. Na huko kwako mbali. Tutaonana ukumbini."

"Haya. Kazi njema."

Gundi, ambaye masikio yake yalikuwa na kazi zaidi kuliko mikono, aliinua uso. "Umempima mzee?"

"Yule hapimwi. Yule namjua."

"Umemwona lini mara ya mwisho?"

Jicho akajitia kutafuta mkasi. Mkasi ulikuwa mkononi.

Alilishona koti kwa moyo wote, hilo lisemwe. Kitambaa cha bluu iliyokolea, bitana ya kuteleza kama maji, mabega yamesimama kama yako kwenye gwaride. Lakini kadiri lilivyopendeza ndivyo mdomo ulivyomwasha. Kila mteja aliyeingia aliambiwa, "Siku ile njooni ukumbini. Medali mtaziona popote, njooni mtazame koti." Akashona na jina la duka ndani ya mfuko wa kifuani, pamoja na namba ya simu, isije ikatokea mkuu akauliza. Shukrani ikaanza kunukia tangazo, na mwenyewe hakuisikia harufu.

Mke wake alilipeleka akiwa njiani kwenda sokoni. Mjomba alikuwa amelala, akalikabidhi kwa mama mwenye nyumba, akaendelea na safari yake.

Siku ilipofika ukumbi ulifurika. Jicho alikaa katikati ya wateja wake, amenyoosha shingo. Wastaafu waliitwa mmoja mmoja, wengine kwa fimbo, wengine wameshikwa mkono na wajukuu, na kila jina likisomwa watu walisimama na kupiga makofi mpaka mikono ikawaka moto. Mwanamke mmoja mzee aliyekuwa muuguzi wa jeshi alipiga saluti, ukumbi mzima ukapaliwa na machozi.

Kisha likasomwa la Mjomba, na cheo chake. Watu wakainuka nusu, wakitazama huku na huku. Hakutokea mtu.

Likasomwa tena. "Kama yupo ndugu yake," akasema mtangazaji, "aje apokee kwa niaba."

Wateja wote wakamgeukia Jicho. Yeye ambaye hajawahi kuona kipaza sauti akakipita, akatazama viatu vyake. Kilichompanda hakikuwa wasiwasi, kilikuwa hasira. Mzee ameniangusha mbele za watu, ndivyo alivyowaza, maneno hayohayo. Mke wake akamfinya paja. "Nenda, wewe! Nenda ukamchukulie!" Alipoinuka, medali ilisharudishwa kwenye kisanduku, limesomwa jina la mwingine, na ukumbi mzima ulikuwa wima ukimshangilia huyo mwingine.

Sherehe ilipokwisha alikwenda kwa Mjomba kwa miguu, kwa kuwa kutoka ukumbini hapakuwa mbali, na njia nzima alikuwa akiyanoa maneno ya kumwambia.

Mlango ulikuwa wazi. Chumba kilikuwa safi kama kinasubiri ukaguzi: kitanda kimetandikwa shuka likavutwa mpaka likakaza, birika juu ya jiko dogo, kiti kinatazama mlango kwa sababu Mjomba hakuwahi kukaa akiupa mgongo. Na kwenye kiti alikuwa Mjomba, viatu vinang'aa, amevaa koti.

Jicho akasimama kizingitini.

Mabega ya koti yalifika mwisho wa mabega ya Mjomba yakaendelea na safari. Mikono ilimeza vidole. Kola ilisimama mbali na shingo, na katikati yake shingo yenyewe, nyembamba, imejaa mishipa. Lile koti lilikuwa limekaa kwenye kiti, na Mjomba alikuwa ndani yake mahali fulani.

"Nilifika mpaka pale kwenye kibanda cha soda," Mjomba akasema. "Watu wakacheka. Siwalaumu, hata mimi ningecheka. Nikawaza, wenzangu waliobaki kule mpakani ndiyo niende kuwawakilisha hivi, niwe kichekesho mbele ya mkuu? Nikageuza."

"Mjomba, umeumwa?"

"Tumbo. Tangu mwaka jana."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia njoo unipime."

Mjomba akajikagua, akavuta mkono wa koti ukarudi kufunika vidole, akatabasamu. "Kazi nzuri, lakini. Sema umemshonea mtu mwingine. Namjua. Alikuwa na mgongo, yule bwana."

Futi hakuwa nayo, asingekuwa nayo. Akapiga magoti, akampima kwa mikono, shibiri kwa shibiri, begani, kifuani, kiunoni. Chini ya viganja vyake mbavu zilihesabika. Mikono iliyokuwa ikijisifu kwa kutogusa watu sasa iligusa, na ilichokigusa ilikuwa ni mwaka mzima ambao yeye hakuwepo.

"Walisemaje ukumbini?" Mjomba akauliza, akigeuza sikio lake zima.

"Walisoma jina lako. Na cheo."

"Walisoma vizuri?"

"Vizuri sana."

"Watu walisimama?"

"Walisimama."

Mjomba akaitikia kwa kichwa polepole, ametosheka, na Jicho akatamani ardhi ipasuke immeze na pini zake. Hapo ndipo palikuwa mahali pa ile asante. Ilifika mpaka kooni. Lakini mtu aliyetoka kudanganya ana haraka ya kuondoka.

"Lete koti, nilipunguze leo hii."

"Kunywa chai kwanza."

"Nitakunywa nikilirudisha."

Alilifumua koti lote akalishona upya, na haikuwahi kutoka kazi kama ile kwenye duka lile. Jina la duka alilitoa kifuani. Lilipokamilika alilitundika juu ya meza ya kukatia, likawa linamtazama.

Kulipeleka, sasa. Alisema atalipeleka Jumapili. Kisha akaona si vizuri kwenda na koti bila medali, akaenda halmashauri, akaambiwa anayeshika ufunguo wa kabati yuko likizo. Basi akamsubiri mwenye ufunguo. Halafu ikawa sare, halafu mtoto akapata homa, halafu Jumapili nyingine. Ukweli aliujua: alikiogopa chumba kile, na lile swali la watu walisimama.

Mjomba alipiga simu mara kwa mara. Koti hakulitaja hata siku moja. "Cherehani inazunguka vizuri?"

"Inazunguka, Mjomba."

"Itie mafuta."

"Nakuja Jumapili."

"Njoo tu."

Gundi alimwambia bila kuinua macho kwenye soli, "Hilo koti lina mwenyewe au ni pazia?" Jicho akamwambia ashughulike na viatu.

Simu ya asubuhi ile haikuwa ya Mjomba. Ilikuwa ya mama mwenye nyumba, na alianza kwa kumwita Jicho baba, hivyo akajua kabla hajaambiwa.

"Mzee wetu hatuko naye, baba. Nimemkuta kwenye kiti chake. Njoo. Na uje na nguo yake nzuri ya kumvalisha, hapa naona mashati tu."

Jicho akalishusha koti, akalipiga pasi ingawa halikuwa na mkunjo, akalikunja mkononi bitana ikiwa juu. Barazani Gundi aliinuka, akavua kofia.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na pikipiki ya abiria. Jicho akamwelekeza dereva, nyuma ya tangi la maji, nyumba yenye geti la kijani. Dereva akasema panda, ni hapa tu. Jicho akamuuliza bei gani.

Kutoka dukani mpaka mlangoni kwa Mjomba ni elfu moja.