Tumbawe la Verlin Stuckey

Verlin Stuckey, fundi bomba mstaafu wa hapa Toledo, alikuwa mchoyo wa matumbawe. Zamani katika chama chetu cha wanaofuga matumbawe nyumbani kwenye matangi, ukiwa na tumbawe zuri ulivunja tawi ukampa mwenzio bure. Lako likifa, ulirudi kwake kuomba. Siku hizi vijana wananunua mashine za kupima maji zinazowatumia ujumbe kwenye simu, na jirani hawamjui. Lakini Verlin alikuwa mchoyo kabla uchoyo haujawa mtindo. Tawi moja tu lilimtoka: lile alilopewa mkewe Darlene walipoachana, kwa amri ya hakimu.

Mwezi wa pili alipima maji ya tangi akaona tumbawe limemaliza kalsiamu kwa kujengea mifupa yake. Kwetu kalsiamu hutiwa asubuhi na magadi jioni, kidogo kidogo. Verlin alikuwa akiwahi mpira kwenye televisheni. Akavimimina pamoja.

Nilimkuta maji yamekuwa meupe kama tui.

"Theluji imeingia ndani," akasema.

"Hiyo chokaa, mzee. Umekoroga saruji."

Vitu viwili vile vilikuwa vimeshikana na kuganda, tumbawe likakosa vyote. Kwa hofu akaongeza kikombe kizima cha magadi. Kufikia Jumapili ncha zilikuwa zimebabuka, nyama imebanduka, umebaki mfupa mtupu.

"Nenda kwa Darlene," nikamwambia.

"Bora nifuge samaki wa plastiki."

Kesho yake nikampeleka kwa gari langu. Alivaa tai.

Darlene akafungua mlango. "Nani kafa?"

"Tumbawe."

"Ulilitilia nini?"

"Kidogo tu."

"Verlin, supu yangu uliitia chumvi miaka yote kabla ya kuionja. Nakujua."

Tumbawe lake lilikuwa limejaza tangi kama kichaka. Verlin akainama kulitazama.

"Kata," Darlene akasema. "Wagawie watu wa chama kwanza. Kitakachobaki chako."

Jumamosi, katika ukumbi wa chini wa kanisa, Verlin aligawa vipande kwa uso wa mtu anayeng'olewa meno, akimkaripia kila mpokeaji asije akachanganya dawa. Kikabaki kimoja, sawa na ukucha. Nje kulikuwa na baridi kali, akakitia kwenye mfuko wa maji ndani ya shati, akatembea hadi garini ameshika tumbo kama mja mzito.

"Ukifika nyumbani," Darlene akamwita kutoka mlango wa kanisa, "usikiguse."

"Nikiguse vipi, na mikono yote nimekishikia hivi?"

"Basi kaa hivyo hivyo."