Mbegu Tumboni mwa Mzee Byabato

Waendesha bodaboda wa Hamugembe walipomwona Gamaliel Byabato anakuja, waligeuza nyuso kana kwamba hawakumwona. Haikuwa chuki. Pikipiki iliyompakia ililalamika mlima wote, na mmoja wao alikuwa na desturi ya kumwambia waziwazi, "Kaka Gama, wewe ukipanda peke yako ni mishikaki tayari, kama nimepakia abiria wawili. Trafiki atanikamata."

Gamaliel alicheka pamoja nao, kisha akaenda kwa miguu. Uzito huo uliowachekesha ndio uliokuwa kazi yake. Alikuwa mpiganaji wa mapigano mseto, mchezo unaoruhusu ngumi, mateke, mieleka na kabari, naye alipigana katika uzito wa juu. Taabu ilikuwa kwamba katika mkoa mzima wa Kagera watu wa kimo chake walikuwa haba. Vijana wembamba walipata mapambano kila mara. Yeye alifanya mazoezi mwaka mzima akapata pambano moja, na mwaka mwingine asipate hata hilo. Nguvu zilikuwa zikimpita hivi hivi, bila kazi. Mkewe, Agnetha, alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia. Akamchukua mtoto, akaenda kwa wazazi wake Muleba, akaacha neno moja tu: atarudi siku mumewe atakapokuwa na kazi inayoeleweka.

Kwa hiyo Awadhi, mwenye bucha Miembeni na kocha wake wa tangu mwanzo, alipoingia kwenye ghala la zamani la kahawa walimofanyia mazoezi, uso wake tu ulitosha kumsimamisha Gamaliel.

"Keti, Gama. Ukisimama nitaumwa shingo. Kuna pramota anatoka Dar es Salaam. Anataka mtu mmoja wa uzito wa juu, ampe mkataba wa kupigana nje ya nchi. Wawili watapigana hapa hapa Bukoba. Atakayeshinda anaondoka naye."

"Mwenzangu ni nani?"

"Kijana wa Kamachumu, anaitwa Buberwa. Anabeba magunia ya kahawa kama wewe unavyobeba mto wa kulalia."

"Nitampiga."

"Sitaki utabiri. Nataka jasho."

Siku ile ile Gamaliel alitia saini. Hapo ndipo alipokosea, maana kwao Kanazi mtu hakuanza jambo kubwa kabla ya kumwarifu baba yake. Yeye alilianza kwanza, akaenda kuarifu Jumapili iliyofuata. Alimkuta Mzee Byabato ametoka kanisani, amevua koti, anapunguza majani makavu ya migomba nyuma ya nyumba.

"Tata, nimepata pambano. Nikishinda, nasafiri, na Agnetha anarudi."

"Bwana asifiwe. Unapigana na nani?"

"Mtu wa Kamachumu. Buberwa."

"Buberwa wa nani?"

"Wa marehemu Apolinary."

Mzee aliweka kisu chini. Akakaa juu ya gogo, akamweleza mwanawe jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu. Katika ujana wake alikwenda Kamachumu kununua kahawa, akashikwa na homa njiani, akaanguka. Apolinary, asiyemjua kwa jina wala kwa ukoo, alimbeba mgongoni mpaka hospitali. Alipopona, wawili hao walifanya omukago, yaani undugu wa damu. Walichanja ngozi karibu na kitovu, wakapasua buni moja yenye mbegu mbili, na kila mmoja akameza mbegu iliyopakwa damu ya mwenzake. Waliapa kwamba hakuna atakayemdhuru mwenzake wala mzao wa mwenzake. Kiapo kikivunjwa, na mtu mwenyewe au na mwanawe, mbegu itavimba tumboni mwa aliyeapa wa upande uliovunja. Baadaye Byabato akawa mzee wa kanisa, na kwa kuwa kanisa halikuyapenda mambo hayo, akanyamaza. Hakumwambia mchungaji, wala hakuwaambia watoto.

"Kiapo hakifunguliwi?" Gamaliel aliuliza.

"Hufunguliwa na wawili waliokifunga. Apolinary yuko kaburini. Nitafungua na nani?"

"Na Buberwa akinipiga mimi?"

"Mbegu ya baba yake imeoza pamoja na baba yake," alijibu mzee, kwa utulivu wa mtu anayefafanua hesabu. "Itavimba tumboni mwa nani?"

Gamaliel alikuwa amemaliza kidato cha nne. Alijua kwamba mbegu ya kahawa haikai tumboni mwa mtu maisha yote. Lakini alimjua pia baba yake, na alijua kwamba mzee huyo akishaamini kuwa anakufa, hatakosa kufa.

"Na nikimshika tu, Tata, nisimpige?"

Mzee aliokota kisu chake. "Kumshika si kumdhuru. Ila usimtoe damu, mwana wange."

Awadhi aliposikia habari hiyo alijishika kichwa. "Kwetu Waislamu kiapo kina kafara yake. Unalisha maskini, umemaliza. Nyie Wahaya mlimeza kahawa ya namna gani, isiyokuwa na kafara?"

"Je, nikijitoa?"

"Ukijitoa, hakuna pramota atakayekuita tena. Umri wako unaujua."

Lilibaki jaribio moja. Gamaliel alimpigia Buberwa simu, akamweleza kwamba wao ni ndugu. Buberwa akacheka.

"Ndugu? Ngoja nikupige kwanza, ndipo tugawane kibanja cha urithi."

"Muulize mama yako habari za omukago."

Kicheko kikakoma. "Mama amekwisha kuniambia, kaka. Lakini baba yangu hayupo tena, wa kwako yupo. Mimi njia ya kukupiga ninayo, wewe ya kunipiga huna. Unataka nijitoe mimi?"

Gamaliel alikata simu. Angekuwa yeye ndiye Buberwa, asingejitoa.

Siku ya pambano ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Kengele ilipolia, Gamaliel alisogea katikati ya ulingo uliozungushiwa wavu, viganja vikiwa wazi. Buberwa alirusha ngumi kama mtu anayetwanga. Yeye alizipokea kwa mabega na kwa mikono, akawa anamkumbatia, anamwangusha, anamlalia. Alikuwa mzuri wa mieleka, na raundi mbili zilipita hivyo.

"Gama, piga!" watu walipaza sauti.

"Mwache, anamchumbia!"

"Peleka posa kabisa!"

Katika raundi ya tatu alifanikiwa kumpata mgongoni. Akampitishia mkono shingoni, akakaza kabari. Alizisikia nguvu za Buberwa zikipungua, akamsikia Awadhi akipiga kelele nje ya wavu kwamba amekwisha, amekwisha. Ndipo alipoona uzi mwembamba wa damu ukishuka juu ya mkono wake. Mkono ulikuwa umembana Buberwa kinywani kabla ya kufika kooni, na mdomo ulikuwa umechanika juu ya meno yake mwenyewe.

Gamaliel hakukata shauri lolote. Mkono ulifunguka wenyewe. Buberwa aligeuka, akakohoa, akampiga ngumi moja ya taya. Na Gamaliel alipofumbua macho, mwamuzi alikuwa amekwisha kumwinua mwingine mkono.

"Sekunde mbili tu, Gama!" Awadhi alikuwa akilia kama mtoto. "Sekunde mbili, mwanangu!"

Pramota alimpa Gamaliel mkono kwa adabu, akaondoka na Buberwa.

Video za simu zilifika Kanazi kabla yake. Asubuhi alimkuta baba yake amelala kitandani, ameelekea ukutani.

"Niliiona damu," alisema mzee.

"Ni meno yake mwenyewe, Tata. Sikumpiga hata ngumi moja."

"Mkono ulikuwa wa nani?"

Gamaliel alimpeleka hospitali. Daktari alimpima mzee, hakuona ugonjwa, akaandika dawa ya gesi tumboni. Mzee hakubishana na daktari. Alirudi nyumbani, akakataa chakula. Wiki ilipoisha, tumbo lake lililokuwa bapa lilianza kuonekana machoni pa Gamaliel kana kwamba limejaa, ingawa alijiambia kuwa ni mbavu zilizokonda. Agnetha alituma salamu za pole kwa mkwe wake. Juu ya kurudi hakusema neno. Awadhi alipiga simu, akauliza hali, wala hakutaja mazoezi.

Gamaliel alijifunza kupika ndizi, ebitoke laini kama vya mtoto. Alivileta chumbani, akataka kumwinua baba yake akae. Mpinzani wa uzito wowote, Gamaliel alijua pa kumshika, wapi pa kutia mkono na wapi pa kukazia. Kwa mzee huyu, aliyekuwa mwepesi kama kapu tupu, hakujua aanzie wapi.

"Onja kidogo, Tata. Kijiko kimoja."

"Nimeshiba. Sogea kidogo, mwana wange, unaniziba mwanga."

Gamaliel akasogea. Chumba kilikuwa kidogo, na kila aliposogea alikuta bado ameuziba mwanga.