Rangi za Mama Lenny

Mourine hakuwa na subira na macho ya watu wa mtaa wa Landless. Alikuwa na kibanda cha mabati cha kuonyeshea muvi na kuchezea gemu, televisheni moja kubwa na mabenchi manne, na wateja walimwita Mama Lenny kwa jina la kifungua mimba wake. Yeye moyoni aliwaita mbumbumbu. Mtu ananunua televisheni, alisema, anaiacha vile vile ilivyokuwa ikiwaka dukani, nyasi za uwanja zinang'aa kama geti lililopakwa rangi jana, nyuso za watu nyekundu kama nyanya, halafu anakaa kitako kufurahia upuuzi huo. Hata ile nailoni ya juu habandui!

Yeye alikuwa amefanya kazi studio ya picha mjini Thika, akajua ngozi ya mtu inafaa kuonekana vipi. Kila asubuhi, kabla ya kufungua, alifunga mlango, akakalia stuli yake kando ya kaunta, akashika rimoti. Alishusha mwangaza, akapunguza rangi, mpaka usiku wa kwenye muvi ukawa usiku kweli. Kisha rimoti aliitia kwenye mfuko wa aproni, maana mikono ya wateja haikuaminika hata kidogo.

Ndipo jamaa mmoja, Ngigi, akafungua kibanda chake cha muvi ng'ambo ya barabara. Ngigi hakujua lolote. Kwenye televisheni yake alipandisha mwangaza na rangi hadi mwisho. Wateja wakahamia huko makundi kwa makundi, na Mourine akawatazama wakivuka, akasonya. Lakini kusonya hakukujaza mabenchi. Mwenye ploti alishamwambia wazi kwamba mambo yakiendelea hivi, mwisho wa mwezi kibanda kinaenda kwa muuza chipsi.

Jumamosi saa nane mchana, viwanda vilipoachilia watu, aliingia mmoja tu. Alikuwa Muoki, mshonaji wa kiwanda cha nguo, ambaye hakukosa hata wiki moja. Mabati yalikuwa yamepata moto, na mlango ulikuwa wazi kabisa, kama kila mchana.

"Wenzako wako wapi?" Mourine aliuliza.

"Wako kwa Ngigi."

"Na wanaona nini huko? Ile ni takataka."

"Angalau huko wanaona, Mama Lenny." Muoki alijikuna shingo. "Hebu kuja ukae hapa kidogo."

Mourine alienda akiwa amebetua midomo, tayari kumfundisha. Miaka miwili ya biashara, hakuwahi kukalia benchi la wateja. Jua la barabarani lilikuwa limejaa kwenye kioo cha televisheni. Aliona mlango, akaona kibanda cha Ngigi, akaona mwanamke aliyenuna. Muvi hakuiona. Alisikia ngumi tu zikitua.

Alitoa rimoti. Akapandisha mwangaza, akapandisha tena, mpaka ukafika kiwango kile kile alichokuwa akimchekea Ngigi. Aliona haya mpaka masikio yakamchoma, na kwa mara ya kwanza mbumbumbu aliyemjia akilini alikuwa yeye mwenyewe.

"Sasa unaona?"

"Sasa iko poa."

"Na hizo wiki zote ulikuwa unakuja kufanya nini?"

Muoki hakutoa macho kwenye televisheni. "Kusikiza tu, Mama Lenny. Vile ulikuwa unajivunia hiyo rangi, nikaona nisikuharibie roho."